Beji moja, wenyewe wawili: uchambuzi wa kisa cha kumbukumbu za miaka ya shida, Tanga

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ya kutwa jijini Tanga, wakati kamati ya wahitimu ikiandaa chumba cha kumbukumbu. Majina nimeyaondoa, namba ya beji nimeibadilisha, na mambo machache ya ndani ya familia nimeyaacha kwa sababu wenyewe waliomba yaachwe. Mimi niliitwa kama mshauri wa utunzaji wa vitu vya zamani. Maamuzi yalikuwa ya kamati. Nakiandika kwa ajili ya walimu na wahitimu wenye kabati lililojaa vikombe, picha na vitambaa, wasiojua waanzie wapi.

Usuli

Kwa aliyezaliwa miaka ya tisini, ni vigumu kuelewa watu wazima wanavyoweza kugombania kipande cha kitambaa kinachoenea kwenye kiganja. Inabidi kwanza akumbushwe hali ilivyokuwa.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga, sababu za kumpiga na nia ya kumpiga vyote vipo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwa upande wa bunduki, mambo yalikwisha ndani ya mwaka. Kwa upande wa duka hayakwisha. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na mikanda haikulegezwa. Fedha za kigeni zilikuwa zimekwenda vitani, bei ya mafuta ikapanda tena mwaka huohuo wa 1979, viwanda vya nguo vikakosa vipuri na rangi, na mkonge, uliokuwa ukiilisha Tanga, haukuwa tena na bei ya zamani.

Tanga ilikuwa na shida yake ya ziada. Mombasa ni karibu kwetu kuliko Dar es Salaam, na mpaka wa Kenya ulifungwa tangu Februari 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, hadi Novemba 1983. Kilichovuka kilivuka kwa magendo, kwa njia za panya karibu na Horohoro au kwa jahazi. Ndani ya mji ilikuwa foleni. Watu walipanga mawe mbele ya duka la kaya, yaani duka la mgawo, alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, wakarudi nyumbani kusubiri mlango ufunguliwe. Kikija kitambaa, unachukua kilichopo, si unachokitaka.

Hapo ndipo sare ya shule ilipovunjika. Kaki ilipokosekana, mwanafunzi alivaa kaptula ya kaka yake, ikavaliwa hadi ikawa viraka juu ya viraka. Shati jeupe likawa la rangi yoyote inayokaribia nyeupe. Kwa simulizi za wahitimu zaidi ya mmoja, mkuu wa shule wa wakati huo alitoa ruhusa ambayo haikuandikwa popote: njoo na shati ulilonalo, ila mfukoni iwepo beji. Beji ikabeba kazi ya sare nzima. Asiye na beji alirudishwa getini hata kama shati lake ni jipya.

Beji zenyewe zilikuwa zile za zamani, zilizofumwa kwa mashine na kuagizwa nje kabla ya mambo kuharibika. Hazikuagizwa tena. Tangu kabla ya vita shule ilizifanya mali ya stoo: kila beji ikaandikwa namba kwa wino upande wa nyuma, mwanafunzi akaipokea kidato cha kwanza na kuirudisha kidato cha nne. Asiyeirudisha, cheti chake cha kumaliza shule kilizuiwa mpaka alipe faini. Kwa hiyo beji moja ilipita kwa watoto wawili, watatu, kila mmoja akiamini ni yake.

Kilichotokea

Kamati ilitangaza kwa wahitimu kwamba inatafuta vitu vya zamani. Kati ya vilivyoletwa, mama mmoja aliyemaliza katikati ya miaka ya themanini alileta beji iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Aliikabidhi kwa mwalimu aliyekuwa zamu, akapigwa picha ameishika, na akarudi kwake Ngamiani bila karatasi yoyote. Picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu jioni hiyohiyo. Mtu asiyejulikana mpaka leo aliongeza maneno chini yake: beji ya shujaa wetu wa Kagera.

Maneno hayo hayakutoka hewani. Shule ilikuwa na mwanafunzi aliyemaliza mwishoni mwa 1978, akaenda vitani, asirudi. Jina lake linajulikana, na wenzake bado wanamsomea dua. Mdogo wake, sasa mzee mwenye wajukuu, aliiona picha hiyo kwenye simu ya mjukuu wake. Siku mbili hazikupita akafika shuleni na ndugu wengine wawili. Alisema nembo ile anaijua, kaka yake aliivaa, na hakuna mtu mwingine mwenye haki ya kuileta wala kuichukua. Aliitaka iende nyumbani.

Mama naye alipopigiwa simu alikuja juu. Beji aliivaa yeye miaka minne, alisema, na aliilipia faini ili abaki nayo. Yeye anamheshimu marehemu, lakini hakumjua.

Kamati ikabanwa katikati. Baadhi ya wajumbe walitaka mzee apewe, kwa kuwa familia ya aliyekufa vitani haibishiwi. Wengine walisema kilicholetwa na mtu hakipewi mwingine. Mwalimu wa sayansi kimu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshaandaa beseni, sabuni na buluu ili beji ifuliwe na kupigwa pasi, wageni waione ikiwa safi. Ni yule mama aliyemzuia: «Mwanangu, hiyo msiifue. Hayo madoa yote mimi nayajua.»

Kuitazama kwa karibu

Beji iliwekwa juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, lenzi ya mkononi ikatafutwa, tukaitazama mbele na nyuma. Sehemu hii naieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyomaliza ugomvi.

Kwa mbele, katikati palikuwa na nembo iliyofumwa kwa mashine, nyuzi zake zimelala sawasawa na rangi imefifia upande wa kulia zaidi ya kushoto. Kingo za nembo hiyo zilikatwa kwa mkasi. Ilikuwa imetolewa kwenye beji nyingine na kushonewa juu ya kitambaa kipya. Utepe wa chini, wenye maneno ya shule, haukuwa wa mashine. Ulidariziwa kwa mkono kwa uzi wa njano, herufi hazilingani, na herufi moja imebanwa kwa sababu nafasi iliisha. Mtu aliyekuwa akidarizi alianza kwa herufi kubwa mno, akagundua katikati.

Nyuma palizungumza zaidi. Kitambaa cha chini kilikuwa cha mfuko wa unga, pamba nzito, na vipande vya herufi za bluu za mhuri wa kiwanda vilionekana bado, vimekatwa ovyo. Juu yake ilikuwapo namba 47 kwa wino uliosambaa kidogo. Palikuwa na matundu mengi ya pini, mengine yamezungukwa na kutu, yamejipanga katika mistari isiyofuatana. Beji hii haikuwahi kushonewa kwenye shati. Ilihamishwa kutoka shati hadi shati, bila shaka kufuata lile lililokauka asubuhi hiyo. Kona moja ilikuwa na alama ya kahawia yenye ncha, ya pasi ya mkaa. Kama ingefuliwa kwa sabuni na buluu, wino wa namba na herufi za mfuko vingefifia, na kutu ya matundu ingesambaa.

Ndipo likatafutwa daftari la stoo. Lilikuwa kwenye kabati la ofisi ya makamu, mchwa wameshaonja kona za chini, lakini ukurasa wa beji ulisomeka. Namba 47 ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza: imetolewa Januari 1975 kwa kijana yule aliyekwenda vitani, imerudishwa Novemba 1978. Wa pili, 1980, hauna jina la mwanafunzi, umeandikwa tu «mbovu, kwa fundi». Wa tatu: imetolewa Januari 1981 kwa mama yetu, kwenye safu ya kurudisha kuna neno «faini» na sahihi.

Kwa hiyo marehemu aliivaa, lakini hakwenda nayo vitani, kwa sababu aliirudisha stoo siku alipomaliza. Na alichokivaa hakikuwa beji hii yote, ilikuwa ile nembo ya katikati. Kilichobaki kilitengenezwa 1980.

Mama aliposomewa hayo alikaa kimya, kisha akataja jambo ambalo hakuwa amelisema. Fundi wa 1980 alikuwa mama yake mzazi, aliyekuwa akipokea kazi za shule nyumbani. Uzi wa njano ulifumuliwa kutoka kitambaa cha meza alichokidarizi mwenyewe kabla ya kuolewa, kwa kuwa dukani uzi haukuwapo. Yeye mwenyewe alipoingia kidato cha kwanza aliiona beji ile kwenye sanduku la stoo na akaomba apewe hiyo. Mama yake alifariki yeye akiwa kidato cha tatu. Hiyo ndiyo faini aliyoilipa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutofua, na ulikuwa umeshachukuliwa na mama kabla ya sisi kufika. Kilichofanyika ni kuondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi, kisha beji ikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukaa kwenye friza la jikoni la shule kwa wiki mbili, ili mayai ya nondo yafe. Ilipotolewa, mfuko haukufunguliwa mpaka ulipopata joto la kawaida, la sivyo unyevunyevu ungetua juu ya kitambaa. Kwa mji wa pwani kama Tanga hilo si jambo dogo. Ukungu unamaliza vitambaa vingi kuliko panya.

Pili, kamati iliamua kwamba beji haitatolewa kwa familia yoyote na wala haitakuwa mali ya shule. Itakuwa azima, kwa karatasi, kutoka kwa mama. Sababu waliyoiandika kwenye muhtasari ilikuwa kwamba mama alilipa faini na shule ikaipokea, kwa hiyo shule ilishamwachia. Baadhi yetu tuliona hoja hiyo ina ubaridi wa kiofisi mbele ya familia ya marehemu. Lakini ilisimama, kwa sababu haikumlazimu mtu yeyote kupima msiba wa nani ni mkubwa.

Tatu ni jinsi ya kuionyesha. Wengi walitaka fremu na gundi. Badala yake fundi seremala alitengeneza kisanduku chenye kioo, beji ikaegemezwa kingo zake tu juu ya bafta iliyofuliwa mara kadhaa bila wanga wala buluu, na chini yake kikawekwa kioo cha kujitazamia kwa mshazari ili mgeni aone mgongo wa beji bila kuigusa. Kisanduku kiliwekwa mbali na dirisha. Hakuna pini, hakuna selotepu.

Nne, maneno ya lebo. Hapa kikao kilirefuka. Rasimu ya kwanza ilisema ni beji ya wakati wa vita. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa mwalimu enzi hizo, aliikataa. Alisema vita vilikwisha 1979 na beji ikashonwa 1980; tukiita kila kiraka cha miaka hiyo kuwa ni cha vita, wajukuu watadhani shida ilianza na Amin na ikaondoka naye, wakati 1983 watu walikuwa bado wanakamatwa kwa uhujumu uchumi na baadaye tukala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mimi nilikubaliana naye. Lebo iliyopitishwa inataja watu watatu bila majina: kijana aliyeivaa nembo 1975 hadi 1978, mshonaji wa 1980, na binti aliyeivaa kuanzia 1981. Neno vita limo mara moja tu, kuhusu kijana.

Matokeo

Mzee alialikwa kuiona kabla ya wageni. Aliisoma lebo, akauliza kwa nini jina la kaka yake halimo, akaambiwa ni kwa sababu majina yote hayamo. Hakufurahi kikamilifu. Aliomba picha ya nembo pekee, iliyokuzwa, akapewa, na familia yake ikahudhuria ufunguzi. Mmoja wa wapwa zake hakuja na alisema wazi kwamba shule imempunguza mjomba wao.

Mama alileta na kile kitambaa cha meza, chenye pembe moja isiyo na maua. Kamati ilikipokea kwa karatasi ileile ya azima, na kwa maoni yangu ndicho kilichosimamisha watu muda mrefu zaidi, kwa sababu ukitazama pembe tupu na kisha utepe wa beji unaona rangi ileile, iliyofifia kwa njia mbili tofauti.

Tatizo lilitokea mahali hatukupatarajia. Kamati ilikuza ukurasa wa daftari la stoo na kuubandika ukutani kama ushahidi. Ukurasa huo ulikuwa na majina ya watu wengine wenye neno «faini» mbele yao. Mmoja wao leo ni mtu anayeheshimika sana mjini. Vijana walicheka, picha zikapigwa, na kabla ya adhuhuri aliletwa mjumbe kuuliza shule ina nia gani. Ukurasa ulishushwa, majina yakafunikwa kwa ukanda wa karatasi, yakabaki mistari mitatu tu ya namba 47. Kamati ilikwenda kuomba radhi nyumbani kwake, na hilo likaisha kwa kahawa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko yote ni kugeuza kitu na kukisoma mgongo kabla ya kusikiliza madai. Familia zote mbili zilisema kweli, na kama kamati ingeanza kwa kupima maneno yao ingelazimika kumwita mmoja mwongo. Matundu ya pini, kingo zilizokatwa na mfuko wa unga vilieleza kwamba beji ilikuwa na maisha zaidi ya moja, na daftari likathibitisha. Bila daftari tungebaki na dhana. Bila kuitazama beji, daftari lingetuambia tu kwamba namba moja ilipewa watu wawili, na ugomvi ungeendelea.

Hilo ni la kawaida kwa vitu vya miaka ya uhaba. Vilivunjwa na kuunganishwa, vikahama kutoka mkono hadi mkono, na swali la «ni cha nani» mara nyingi lina jibu zaidi ya moja. Tanga ilishayaona hayo zamani zaidi: katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Uingereza zilipofunga pwani, kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara kiligeuka kutengeneza sabuni na mishumaa kutokana na mimea ya hapohapo, na 1916 sarafu za heller, fedha ya koloni la Wajerumani, zikapigwa Tabora kwa shaba iliyopatikana. Sarafu hizo leo hutafutwa na wakusanyaji. Aliyezipiga alikuwa anatafuta namna ya kulipa watu.

Karatasi ya azima nayo ilisaidia, lakini ilichelewa. Laiti ingesainiwa siku mama alipoleta kanga yake, ikiwa na maswali manne ya kawaida (umeipata wapi, nani aliitumia kabla yako, nani mwingine anaweza kuidai, unataka irudi kwa nani), jina la kijana wa 1978 lingeibuka mapema na mzee angefikiwa na kamati badala ya kufikiwa na WhatsApp. Kukabidhi kitu kwa mwalimu wa zamu na picha ya tabasamu si kukabidhi.

Kuhusu picha ile, kamati ilituma sahihisho kwenye kundi mara mbili. Halikushika. Bado inatumwa kila tarehe za vita zinapokaribia, na bado ina maneno ya shujaa. Sijui dawa yake baada ya tukio. Kabla ya tukio ipo: anayepokea vitu apige picha ya kumbukumbu ya ofisi, mbele na nyuma pamoja na rula, na isitoke ofisini mpaka lebo ipitishwe.

Suala la majina ya faini linahitaji kusemwa kwa ukali kidogo. Daftari la stoo ni hati ya shule kuhusu watoto, na kuwa la zamani hakulifanyi kuwa la kuchekesha. Wengi wa waliozuiliwa vyeti walikuwa watoto wa nyumba zisizo na kitu, na baadhi yao walipoteza beji kwa sababu waliivaa barabarani kila siku kwa miguu. Kuonyesha ukurasa kama huo kunahitaji kwanza kufunika kila mstari usiohusika, hata kama wenyewe wameshatangulia mbele ya haki, maana watoto wao wapo.

Mwisho kuna biashara ya nakala. Ili kuchangia paa la maktaba, kamati ilimpa fundi wa cherehani kazi ya kutengeneza nakala za beji ziuzwe kwa wahitimu. Fundi alikuwa hodari mno: alitafuta mfuko wa unga, akaiga herufi iliyobanwa, akaongeza hata doa la chai. Ziliuzwa zote. Kamati ilimwomba tu, baada ya kundi la kwanza, adarizi mwaka wa kutengenezwa kwa nyuma kwa uzi usiofichika. Za kundi la kwanza hazina alama hiyo, ziko mitaani, na mhitimu mmoja ameshaleta moja shuleni akiiita ya baba yake. Aliyekuwa zamu safari hii aliigeuza kwanza, akatafuta matundu ya pini, hakuyaona, akamwomba mgeni akae na akaenda kulileta daftari.